Wenzi wawili kwenye pwani ya Italia: laleni Ischia, Positano muione kutoka baharini

Msomaji wa Mombasa ameniandikia, nami nimelifupisha swali lake: "Asalaam aleikum. Mwakani mimi na mke wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa. Kwa muda mrefu ameweka picha ya Positano kwenye simu yake, na nimeazimia kumpeleka Italia usiku saba, sisi wawili tu, watoto wabaki. Nataka iwe siri mpaka siku ya safari. Nafikiria Agosti kwa sababu ya likizo. Lakini goti lake linamsumbua akipanda ngazi, chakula lazima kiwe halali, na mimi si tajiri. Wengine wananiambia Cinque Terre, wengine Amalfi, na mwenzangu kazini anasema tukifika Italia tusikose Roma na Venice. Nianze wapi?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu, na hongera sana. Miaka 25 si mchezo, na mume anayekumbuka picha iliyo kwenye simu ya mkewe anastahili jibu kamili.

Kwa ufupi, ningekuwa mimi ningepanga hivi: usiku minne kisiwa cha Ischia, miwili Minori kwenye pwani ya Amalfi, na wa mwisho mjini Napoli. Agosti iache, nendeni katikati ya Septemba. Positano, mji wa pwani hiyo hiyo ya Amalfi, mtafika, tena kwa njia nzuri kuliko zote, ila msilale huko.

Nianze na hiyo siri, maana ndiyo itakayokukwamisha mapema. Haiwezekani. Kwa pasipoti ya Kenya mnahitaji visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na visa hiyo huombwa na mtu mwenyewe: fomu ataitia sahihi yeye, na alama zake za vidole zitachukuliwa kama hajawahi kuzitoa miaka ya karibuni. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na ibaki na miezi mitatu zaidi ya siku mtakayotoka Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe hata yakabaki siku 15. Kwa safari ya Septemba, pelekeni Mei au Juni, kabla ya msongamano wa kiangazi. Kwa kuwa wewe ndiwe mlipaji, ambatisha cheti cha ndoa na taarifa za benki za miezi ya karibuni. Hoteli uagize ile inayokubali kufutwa bila gharama, usije ukapoteza pesa visa ikichelewa. Kwa hiyo mwambie mkeo sasa. Yapo mambo mengine unayoweza kumficha, nami nitakuonyesha moja lenye thamani kuliko safari ya ghafla.

Sasa Positano na lile goti. Picha aliyoiweka simuni, bila shaka, inaonyesha nyumba za rangi zimepandana juu ya jabali mpaka baharini. Uzuri huo ndio taabu yenyewe: mji mzima umejengwa wima, na kati ya nyumba na nyumba kuna ngazi. Hoteli nyingi ziko mbali juu ya ufuo, mizigo hubebwa na wapagazi, na mtu akisahau miwani chumbani hufikiria mara mbili kuifuata. Kijana wa miaka 25 hucheka na ngazi hizo. Mwenye goti bovu atamaliza siku ya kwanza akiwa ameshika ukuta, siku ya pili atasema "wewe nenda, mimi nitakungoja hapa," na hilo ndilo neno ambalo safari ya wawili haipaswi kulisikia. Halafu bei. Positano ni miongoni mwa miji ghali kabisa katika pwani yote ya Italia, kuanzia chumba hadi kitanda cha kulalia ufuoni.

Cinque Terre nitaipita haraka. Ni vijiji vitano vya Liguria, kaskazini-magharibi, navyo ni vizuri kweli: Monterosso, Vernazza, Corniglia, Manarola na Riomaggiore, na treni ya kijijini inaviunganisha kwa dakika chache. Hata njia yenye jina la mapenzi ipo, Via dell'Amore, iliyochongwa jabalini kati ya Riomaggiore na Manarola. Ilifungwa mwaka 2012 baada ya mawe kuporomoka na kujeruhi watalii, ikafunguliwa tena 2024, na sasa huingiwa kwa kulipia na kuagiza nafasi mapema. Lakini vijiji hivyo ni vidogo mno kwa umati unaovishukia, ufuo mpana wa mchanga uko Monterosso peke yake, na ngazi zimejaa huko nako. Corniglia hata haifiki baharini. Kutoka kituo cha treni kuna ngazi zaidi ya 370 za kuipandia. Msiende.

Ischia iko mlangoni mwa ghuba ya Napoli, kilomita za mraba kama 46, kisiwa cha volkano. Waitaliano na Wajerumani wamekuwa wakienda huko vizazi na vizazi kwa ajili ya maji moto yanayochemka chini yake, ndiyo maana kina hoteli nyingi za wastani zenye mabwawa yao wenyewe, na bei zake ni za chini sana zikilinganishwa na Positano au kisiwa jirani cha Capri. Kwa mwenye maumivu ya viungo hakuna mahali pa pwani ya Italia ninapopapendekeza kabla ya hapo. Usichukulie kwamba nawapeleka hospitali. Maji hayo yako katikati ya bustani, miti na bahari, na kukaa ndani yake wawili jioni, mvuke ukipanda na jua likishuka, ni mapenzi tosha.

Kufika ni rahisi. Kutoka Mombasa mnaweza kupitia Istanbul na kushuka Napoli moja kwa moja, au kupitia Addis Ababa mpaka Roma na kuchukua treni ya kasi, saa moja na dakika kumi hivi mpaka Napoli. Uwanja wa ndege wa Napoli uko ndani ya jiji, na basi liitwalo Alibus huwafikisha bandarini. Kutoka gati la Molo Beverello, boti za kasi hufika Ischia kwa muda unaokaribia saa moja. Meli kubwa za kubeba magari hutoka Calata Porta di Massa, jirani hapo, huchukua saa moja na nusu, nauli yake ni nafuu, na tena mnakaa nje juu kwenye upepo. Kama mkeo huchafukwa na bahari, chukueni hiyo kubwa; boti ya kasi imefungwa vioo na huruka kwenye mawimbi.

Mtakapoingia Ischia Porto mtazame umbo la bandari: ni duara kamili. Zamani lilikuwa ziwa ndani ya shimo la volkano, na mwaka 1854 Mfalme Ferdinando II wa Napoli akalikata kingo na kuliunganisha na bahari. Tafuteni hoteli kati ya hapo na Ischia Ponte, kijiji cha wavuvi cha upande wa mashariki. Sababu yangu ni ya goti: kati ya sehemu hizo mbili kuna barabara tambarare kama kilomita mbili, yenye maduka, mikahawa na miti, na jioni watu wote wa mji hutoka kutembea pale polepole, wazee wameshikana mikono na wajukuu. Nanyi mtashikana mikono, na hakuna atakayewageukia. Wanaokwenda Ischia kwa mara ya kwanza wengi huvutiwa na Sant'Angelo, kijiji cha kusini kisichoingia magari. Ni kizuri mno, ila kimejaa miteremko. Kitembeleeni mchana, msilale.

Wakati wa kuagiza chumba andika "camera matrimoniale", chumba chenye kitanda kimoja kikubwa. Ukiandika tu chumba cha watu wawili waweza kupewa vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja. Na wakikuuzia "vista mare", uliza kama bahari inaonekana mtu akiwa ameketi, maana wengine humaanisha kipande cha buluu kati ya kuta mbili.

Ischia Ponte inatazamana na ngome iitwayo Castello Aragonese, iliyokaa juu ya mwamba wake baharini na kuunganishwa na kijiji kwa daraja la mawe ambalo Mfalme Alfonso wa Aragon alilijenga karne ya 15. Ngome hiyo ina lifti ndani ya mwamba, hivyo mkeo atafika juu bila tabu, kisha mtatembea polepole kwenye bustani za mizeituni. Ndani ya ngome hii, mwezi Desemba 1509, aliolewa Vittoria Colonna, mshairi mkubwa wa Italia ya zama zake, na Ferrante d'Avalos. Mume alikuwa mtu wa vita, hakutulia. Yeye alibaki kisiwani akimngoja, na mumewe alipofariki mwaka 1525 akamtungia tenzi baada ya tenzi, akakataa kuolewa tena. Baadaye alikuwa rafiki wa karibu wa Michelangelo, mchongaji na mchoraji mashuhuri, wakiandikiana mashairi. Ile barabara ya matembezi ya jioni niliyowaambia inaitwa kwa jina lake, Corso Vittoria Colonna. Watu wa Mombasa wanajua thamani ya utenzi wa mapenzi. Simulianeni habari zake mkiwa juu pale.

Kuna kitu kingine cha zamani zaidi. Katika mji wa Lacco Ameno, kaskazini mwa kisiwa, Wagiriki walijenga makazi yao karne ya 8 KK, yaliyoitwa Pithekoussai. Katika makaburi ya ghuba ya San Montano wachimbaji walipata, katika miaka ya 1950, kikombe kidogo cha udongo chenye mistari mitatu iliyokwaruzwa kwa herufi za Kigiriki, miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha hiyo yaliyopo duniani. Yanasema, kwa maana yake, kwamba atakayenywea kikombe hiki atashikwa papo hapo na shauku ya Afrodite, mungu wa mapenzi wa Wagiriki. Kikombe kiko kwenye makumbusho ya Villa Arbusto, nyumba yenye bustani inayotazama bahari. Naona ajabu kubwa kwamba mwandiko wa kwanza wa pwani hii ulikuwa wa mapenzi, na wageni wengi hupita nje ya geti bila kujua.

Siku yenu ya maji iwe Poseidon, upande wa Forio, kwenye ufuo wa Citara. Ni bustani yenye mabwawa yapatayo ishirini, mengine vuguvugu kama nyuzi 28, mengine moto mpaka 40, na ufuo wake mwenyewe mbele. Kiingilio cha siku nzima si cha bei rahisi, kwa hiyo fikeni asubuhi mtumie siku yote. Negombo, kwenye ghuba ya San Montano, ni ndogo na ina kijani zaidi. Wengine huipenda kuliko Poseidon. Msikae kwenye bwawa moto zaidi ya dakika 15 au 20 kwa mkupuo, na kama mmoja wenu ana presha au moyo, zungumzeni na daktari Mombasa kabla, si baada. Kuhusu stara, ndugu yangu: mtandio na buibui havina shida barabarani wala hotelini. Vazi la kuogelea la kujisitiri liwe la kitambaa halisi cha kuogelea, na andikieni bustani au hoteli mapema mpate jibu lao kwa maandishi. Kofia ya kuogelea mbebe, kwani mabwawa mengi huidai kwa kila mtu.

Sorgeto ni ya bure. Ni ghuba ya mawe ambapo chemchemi ya maji yanayounguza inatokea ufuoni na kuchanganyika na bahari, mtu anajitafutia mwenyewe pahali penye joto analolitaka. Tatizo ni ngazi zaidi ya 200 kutoka barabarani. Nyinyi mtakwenda kwa teksi ya majini kutoka Sant'Angelo, dakika chache tu. Na karibu na hapo, kwenye ufuo wa Maronti, kuna sehemu mchanga unafuka moshi. Wenyeji wamezoea kufukia mayai humo mpaka yakaiva.

Jambo moja kuhusu bahari, kwa sababu nyinyi ni watu wa pwani na mtaona tofauti mara moja. Huku hakuna kupwa na kujaa kwa kuonekana. Maji husogea kidogo tu, hivyo mtakapoacha viatu vyenu ndipo mtakapovikuta. Mchanga si mweupe kama wa Diani. Ni wa kijivu au kahawia, wa volkano, na mara nyingi ni kokoto, kwa hiyo viatu vya majini ni lazima. Sehemu kubwa ya ufuo imekodishwa kwa wenye vitanda na miavuli, na mnalipia seti ya vitanda viwili kwa siku. Pembeni hubaki kipande cha wazi kiitwacho "spiaggia libera", kisicholipiwa. Maji yenyewe mwezi Mei ni baridi, nyuzi 18 au 19, mtoto wa Mombasa hatayapenda. Katikati ya Septemba huwa 24 hivi, na kwenye ghuba tulivu ni safi mpaka unauona mguu wako chini.

Siku nyingine ya jioni iwekeni kwa La Mortella, bustani iliyoko Forio. Mwanamuziki Mwingereza William Walton alimwoa Susana, binti wa Argentina, mwaka 1948, wakaja kuishi Ischia. Palikuwa na mawe matupu. Mchoraji wa bustani Russell Page akawapa ramani mwaka 1956, na Susana akaipanda kwa mikono yake miaka na miaka ili mumewe atunge muziki kwenye utulivu. Mume alifariki 1983, na majivu yake yako ndani ya mwamba juu ya bustani; mke aliendelea kupanda mpaka kifo chake mwaka 2010. Tembeeni sehemu ya bondeni yenye chemchemi na mayungiyungi, goti halitalalamika. Sehemu ya mlimani ina ngazi. Bustani haifunguliwi kila siku, basi angalieni ratiba mapema. Kutoka hapo nendeni mjini Forio kwenye kanisa jeupe la Soccorso, lililosimama pekee juu ya bahari upande wa magharibi. Kisiwa kizima hakina mahali pazuri zaidi pa kutazama jua likizama. Basi la kuzunguka kisiwa, CS au CD, litawarudisha.

Na hapa ndipo penye siri yako. Kodi gozzo, mashua ya mbao ya kienyeji, pamoja na nahodha wake, kwa saa tatu za jioni ya pili au ya tatu. Zungumza na hoteli wiki mbili kabla, kimya kimya. Mwambie nahodha azunguke ngome ya Aragonese, asimame kwenye maji matulivu ya ghuba ya Cartaromana hapo chini yake, kisha abaki huko mpaka taa za ngome ziwake. Agiza matunda, mkate, jibini na juisi ya limau, na umweleze wazi kwamba mvinyo hautakiwi, maana wengi huuweka bila kuulizwa. Mkeo atakuwa anajua yuko Italia, lakini hili hatalijua.

Siku ya tano rudini Napoli asubuhi, mpande treni ya Salerno, dakika arobaini kwa ya kasi, na kutoka bandari ya Salerno mchukue boti ya pwani. Boti hizi hufanya kazi kuanzia Aprili mpaka mwishoni mwa Oktoba hivi, husimama Cetara, Maiori, Minori, Amalfi na Positano. Barabara ya nchi kavu ni nyembamba, imening'inia jabalini, na msimu wa watalii magari huruhusiwa kwa zamu ya namba shufwa na witiri. Msikodi gari hata kidogo. Pwani hii iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1997, na waliochora uzuri wake walikuwa wakulima: matuta ya mawe, moja juu ya jingine, yaliyopandwa malimau marefu yaitwayo sfusato, na huonekana vizuri kutoka majini tu.

Minori nimeichagua kwa sababu ni tambarare. Hoteli, ufuo, soko na gati viko ndani ya mwendo mfupi, watu wake wanaishi pale mwaka mzima, na katikati ya mji kuna magofu ya jumba la Kirumi la karne ya 1. Wanapika aina ya tambi nene iitwayo ndunderi, ya jibini laini, na maduka yake ya keki yanajulikana nchi nzima. Kuna njia ya malimau kuelekea Maiori. Ni ya ngazi, iacheni.

Asubuhi ya siku ya sita pandeni boti kwenda Positano, boti ya mapema. Mkae upande wa kulia, upande wa nchi kavu, juu. Mtapita Amalfi, Conca dei Marini, ufa wa Furore wenye daraja la matao juu yake, Praiano, kisha boti ikizunguka rasi ile picha ya simuni itafunguka mbele yenu nzima, kutoka ufuoni mpaka kileleni, jambo ambalo aliyelala ndani ya Positano kwenyewe halioni. Gati liko kando ya ufuo mkubwa. Kuanzia hapo ni hatua chache mpaka kanisa la Santa Maria Assunta lenye kuba la vigae vya kijani na manjano, na vichochoro vya maduka vilivyoota maua juu. Mnunulie ndara za ngozi. Mafundi wa Positano huzishona papo hapo kwa kipimo cha mguu, na nguo za kitani za pale ni za wazi wazi na nyepesi, lakini zipo pia ndefu zinazofaa Mombasa. Kaeni saa tatu, nne, mpige picha yenu ile ile, mrudi na boti ya mchana. Kabla jua halijashuka pandeni basi au teksi kutoka Amalfi mpaka Ravello. Villa Rufolo iko mita chache kutoka uwanja mkuu, na bustani yake inaning'inia juu ya bahari. Mtunzi Richard Wagner aliiona mwaka 1880 akasema amepata bustani aliyokuwa akiitafuta kwa opera yake. Villa Cimbrone ni nzuri zaidi, lakini kuifikia ni mwendo wa vilima na ngazi, na siku hiyo goti litakuwa limekwisha fanya kazi yake.

Nimeweka Positano siku ya sita, na Napoli usiku wa mwisho, kwa makusudi. Bahari ikichafuka boti hufutwa. Usipange kamwe kutoka kisiwani asubuhi ya siku ya ndege, hata ratiba ikionekana kutosha.

Chakula, sasa. Habari njema ni kwamba hii ni pwani ya samaki na mboga. Pizza margherita, jibini na nyanya za caprese, parmigiana ya mabiringanya, tambi za nyanya na mrehani, pweza wa kuchemsha, samaki mzima wa kuchoma, na alici, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, wanaokaangwa au kuchovywa limau. Hatari imejificha mahali msipopatarajia. Tambi za kome na za kombe mara nyingi hutiwa mvinyo mweupe kidogo, basi semeni "senza vino" kabla ya kuagiza, na "senza maiale" kwa nguruwe. Keki ya babà imelowekwa kwenye ramu. Delizia al limone, ile keki ya limau ya duara inayopigwa picha na kila mtu, kwa kawaida ina limoncello, ambayo ni pombe. Sfogliatella na aina fulani za mikate na vitafunio vya chumvi, hasa taralli za pilipili manga, hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, yaani "strutto" au "sugna". Ulizeni kwa hayo maneno mawili. Sungura wa Ischia ndiye fahari ya kisiwa, hupikwa kwa mvinyo, mwacheni. Badala yake kuna granita ya limau, barafu iliyosagwa na limau na sukari tu, ambayo mtu anaweza kuinywa mara tatu kwa siku. Nyama ya halali mtaipata Napoli, karibu na stesheni ya Piazza Garibaldi, na msikiti uko jirani na Piazza Mercato. Visiwani shikeni samaki. Kwa sababu hiyo hoteli ichukueni na kifungua kinywa peke yake, msilipie chakula cha jioni kabla, ingawa watawapa bei ya kuvutia.

Saa nazo zitawashangaza. Katikati ya Septemba jua huzama kama saa moja na robo usiku, na mwezi Juni ni saa mbili na nusu. Migahawa haianzi kupika chakula cha usiku kabla ya saa moja na nusu. Weka programu ya nyakati za swala kwenye simu, usiitegemee saa ya mwili wako.

Agosti nimeikataa kwa sababu tatu. Tarehe 15 ni Ferragosto, sikukuu ya Waitaliano wote, na wiki za kabla na baada yake taifa zima liko ufuoni. Bei za vyumba hupanda mpaka mara mbili, na mabasi ya Ischia hujaa mpaka yanapita bila kusimama. Joto nalo huzidi, na joto si rafiki wa mtu anayetembea kwa kuchechemea. Kama Septemba haiwezekani kabisa, chukua mwisho wa Juni. Tarehe 26 Julai huwa na sikukuu ya Mtakatifu Anna pale Ischia Ponte, mashua zilizopambwa zikipita chini ya ngome na fataki zikiifanya ngome ionekane inaungua. Ni ya kupendeza, lakini si ya wanaotafuta faragha.

Kuhusu pesa, tikiti za ndege ndizo zitakazomeza fungu kubwa. Mengine mnaweza kuyashika. Kahawa kunyweni mkisimama kwenye kaunta kama wenyeji, kwani mkiketi bei hubadilika. Kwenye bili mtaona "coperto", euro mbili au tatu kwa kila kichwa, si wizi, ni desturi na imeandikwa kwenye menyu. Hoteli itawatoza kodi ndogo ya mji kwa kila usiku, pembeni ya bei mliyolipa. Pesa mtakazookoa kwa kutolala Positano tumieni kwa ile mashua ya jioni na kwa chumba cha Ischia chenye roshani.

Mwenzako wa kazini anamaanisha mema, lakini Venice iko kama saa tano kwa treni ya kasi kutoka Napoli, na kila mji mnaouongeza unawala siku nzima ya masanduku, foleni na stesheni. Kama mtapitia Roma kwa ndege ya Addis, laleni huko usiku mmoja mwanzoni na mpunguze ule wa Napoli, mradi mtoke Minori mapema siku ya kuondoka. Venice muwekee mwaka mwingine, tena mwezi wa Novemba ambapo umati umepungua. Nayo ina madaraja mengi ya ngazi, basi kabla ya hapo mkeo alione daktari wa mifupa.